Kodi ya Miezi Sita Ni Mkopo

Dar es Salaam, ukitafuta chumba, dalali hakuulizi jina. Anakuuliza, "Bajeti yako shilingi ngapi?" Na wengi wetu tunamjibu kwa kodi ya mwezi: laki, laki na nusu, laki mbili. Hapo ndipo hesabu inapoanza kupotea, maana hakuna atakayepokea hela ya mwezi mmoja.

Msikilizaji, tuchukue chumba na sebule, choo ndani, tuseme Tabata au Kimara, kodi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni 900,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kuwa udalali wake, 150,000. Tumeshafika 1,050,000, na bado hujakodi kirikuu cha kuhamisha kitanda, wala hujanunua kitasa kipya. Kitasa usikisahau hata kidogo. Mpangaji aliyetoka ana ufunguo wake, na aliyemtangulia huenda naye anao.

Kwa hiyo bajeti ya mtu anayelipa laki na nusu kwa mwezi ni milioni moja na ushee, taslimu, siku moja. Kijana aliyeanza kazi mwaka huu anaipata wapi? Anakopa kwa mwajiri, anavunja kibubu, anapokea mchango wa mama kijijini. Halafu hela hiyo yote, iliyokusanywa kwa jasho la ukoo mzima, inakabidhiwa ikiwa ndani ya bahasha, au inatumwa kwa simu, kwa mtu ambaye kijana huyu amemfahamu nusu saa iliyopita.

Nalisema wazi ninaloliamini: kodi ya miezi sita ni mkopo. Mwezi wa kwanza unaukalia, sawa. Lakini ile 750,000 ya miezi mitano inayofuata hujaikalia bado. Iko kwa mwenye nyumba, anamalizia chumba cha uani, analipa ada za watoto, ananunua bati. Umemkopesha bila riba. Benki ikitaka kumkopesha mtu kiasi hicho inadai kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa, mdhamini, saini na picha. Sisi tunatoa huku tukishukuru kwamba tumekubaliwa.

Zamani kulikuwa na sheria maalumu ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, na mabaraza yake yalikuwa na uwezo wa kupanga kodi iliyo ya haki. Ilifutwa mwaka 2005. Yamebaki Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, na huko ukifika na mgogoro wa upangaji kitu cha kwanza utakachoulizwa ni mkataba. Wenzetu wa Nairobi na Mombasa kwa kawaida huweka dipoziti ya mwezi mmoja, kisha hulipa kodi mwezi kwa mwezi, na nyumba ikimshinda mtu anajua hasara yake mwisho wake ni wapi. Hapa kwetu desturi imeshika njia nyingine, na mtu asiye na pa kulala leo hawezi kuibadilisha peke yake. Anachoweza ni kuwa na macho ya mkopeshaji kabla hela haijatoka mfukoni. Ikishatoka, nguvu zako zote za kudai zimekwenda nayo.

Tuanze na dalali. Mimi si katika wale wanaowatukana madalali. Wanaijua mitaa, wanajua nani anahama mwisho wa mwezi, na mgeni wa jiji bila wao angezunguka mpaka viatu viishe. Lakini ujue anachokula. Anapata hela ukiingia, na atapata tena ukitoka haraka na chumba kikahitaji mtu mwingine. Picha zake za kwenye simu zisikuchanganye. Utaoneshwa chumba kina tailizi na jipsamu, ukifika unaambiwa kile kimechukuliwa jana jioni, lakini kipo kingine jirani. Hela ya kuoneshwa nyumba mkubaliane kabla hamjaondoka kituoni: ni ya siku nzima au ya nyumba moja? Muulize pia, kabla hujapanda bodaboda, ufunguo wa hicho chumba uko kwa nani. Dalali anayemjua mwenye nyumba anajibu pale pale. Anayeanza kupiga simu kwa mwenzake, naye mwenzake apige kwa mwingine, mnaelekea kwenye mnyororo wa watu watatu na kila mmoja anataka chake. Udalali wenyewe ulipwe ukiwa na ufunguo mkononi, si kabla.

Sasa swali ambalo aibu inatufanya tusiliulize: hii nyumba ni ya nani?

Nenda Magomeni, Ilala, Temeke, Mwananyamala. Nyumba nyingi za zamani huko ni za familia. Mzee aliyejenga amefariki, ameacha watoto, na anayekusanya kodi ni mmoja wao, pengine ni yule anayeishi pale pale. Unampa kodi ya miezi sita mwezi wa Machi. Mwezi wa Mei anakuja dada yake mkubwa na karatasi ya mahakama ya mwanzo, yeye ndiye msimamizi wa mirathi, ndugu wamekubaliana nyumba iuzwe, na kaka mtu alishaambiwa asipokee tena kodi. Hela yako imeliwa na mtu asiyekuwa na mamlaka nayo. Ukimdai dada, anakwambia kwa upole kabisa kwamba yeye hakupokea kitu. Na kweli hakupokea.

Kwa hiyo uliza, na uulize kwa adabu: "Samahani kaka, mzee yupo?" Ukiambiwa ametangulia mbele za haki, mpe pole, kisha uliza msimamizi wa mirathi ni nani, uombe kuiona barua yake ya mahakama, na yeye ndiye asaini mkataba. Mtu mwenye haki yake hachukii swali hilo.

Ipo hatari nyingine ya upande huo huo. Mpangaji anayekaribia kuhama anajifanya mwenye nyumba, anaonesha chumba chake mwenyewe, anapokea kodi ya watu wawili au watatu, na siku ya kuhamia wote wanakutana getini na magodoro yao. Dawa yake haigharimu kitu. Pita kwa mangi wa duka la jirani, nunua maji, muulize nyumba ile ya geti la bluu ni ya nani na amewahi kumwona. Pita ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe. Na ukituma hela kwa simu, jina linalotokea kwenye skrini kabla hujathibitisha lilingane na jina la kwenye mkataba. Ukiambiwa "hiyo laini ni ya shemeji yangu, tuma tu," rudisha simu mfukoni.

Baada ya hapo ndipo tuingie ndani tuikague nyumba. Nitachukua muda kidogo kwenye umeme, maana huko ndiko wapangaji wanakoumia kimya kimya.

Mtoto wa dada yangu alipopata kazi Kariakoo nilimsindikiza kuona chumba Tabata. Nyumba nzuri, ua umefagiwa, mama mwenye nyumba mcheshi. Binti akamsalimu, "Shikamoo mama," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu, karibu ujionee." Akauliza umeme ukoje. "Umeme upo, LUKU hii hapa ukutani." Nikamwomba mama atusomee namba ya mita hiyo ya kulipia umeme kabla, binti akanunua umeme wa shilingi 2,000 kwa simu yake pale pale. Ujumbe ulipoingia, hakukuwa na uniti hata moja. Hela yote ilikuwa imeishia kwenye makato. Mama mwenyewe alishtuka, akaita kijana wake aje asome. Chumba kile na kingine cha pembeni vyenye mita hiyo vilikuwa vimekaa vitupu kwa miezi, na kodi ya majengo ilikuwa imejilimbikiza.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ikikaa tupu miezi minane bila mtu kununua umeme, 12,000 inamsubiri atakayenunua kwanza. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Anayeikatwa ni yule anayenunua uniti, na huyo ni mpangaji. Mkubaliane mapema kwamba mtaiondoa kwenye kodi ya pango, na muiandike. Mama yule wa Tabata alikubali bila ubishi, akaandika kwa mkono wake. Wengi hawakatai. Hawajawahi kuulizwa.

Na mita yenye deni la umeme nayo ni hivyo hivyo, sehemu ya hela yako inalipia deni la mtu usiyemjua. Ndiyo maana nasisitiza: nunua umeme wa hela ndogo kwenye mita hiyo kabla hujalipa kodi, usome makato mstari kwa mstari.

Halafu kuna mita ya kuchangia. Wapangaji wanne, mita moja, na kila mmoja anatoa elfu kumi. Mwenye friji na pasi anatoa sawa na mwenye taa mbili na simu. Ugomvi wa uswahilini, nusu yake unaanzia hapo. Lakini kuna hasara nyingine inayofichika zaidi. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani anayetumia umeme kidogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo na VAT. Mteja wa kawaida hulipa 292. Kaya nne kwenye mita moja ni vigumu zibaki chini ya uniti 75, na zikizidi kila uniti inanunuliwa kwa karibu mara tatu ya bei ambayo mwenye matumizi madogo kati yenu angelipa akiwa na mita yake. Chumba chenye mita yake, hata kikizidi kodi kwa elfu kumi, kipigie hesabu kabla hujakikataa.

Maji. Usiulize "maji yapo?" Utajibiwa yapo. Uliza yanatoka siku gani, yanaingia kwenye simtanki la nani, na yakikatika wiki nzima mnachota wapi. Tunakumbuka mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji. Nyumba zilizokuwa na tenki kubwa ziliishi, zisizokuwa nalo zililala kwenye foleni za madumu. Kisima ni neema, ila maeneo mengi ya jiji hili maji yake yana chumvi. Yaonje. Yanafaa kufulia na chooni, na maji ya kunywa na kupikia utanunua, basi hiyo nayo iingie kwenye hesabu. Choo, uliza shimo likijaa gari la majitaka linalipwa na nani. Ni swali la dakika moja sasa hivi, na ni ugomvi wa wiki mbili likishafurika.

Mvua. Ukiweza, kaione nyumba siku ya mvua, au kesho yake asubuhi. Ukitafuta kiangazi, tazama alama. Rangi mpya iliyopakwa kuanzia chini mpaka usawa wa goti inaficha kitu. Kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali mbili hakikuinuliwa kwa urembo. Chungulia kwa jirani mlango ukiwa wazi: kitanda kikiwa kimepandishwa juu ya matofali, na kabati nalo hivyo hivyo, ujue maji yanamtembelea. Bonde la Msimbazi, kuanzia Jangwani kupanda Kigogo na Mkwajuni, linajulikana. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na serikali ikahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande. Lakini mikondo midogo iko kila mahali, Tandale, Buguruni, hata huku kwenye mitaa inayoitwa ya kishua. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na nyumba iliyojengwa humo inaweza kuondolewa. Vivyo hivyo iliyo kwenye hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 tuliona nyumba za Kimara kuelekea Kiluvya zikibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Ukiona alama ya X nyekundu ukutani, hata imefifia, hata imepakwa chokaa juu yake, usikubali kuambiwa "hiyo ni ya zamani." Nenda serikali ya mtaa ukaulize.

Kuhusu umbali nitasema kwa kifupi. Chumba cha 150,000 Chanika au Goba na cha 200,000 karibu na kazini vinaweza kuwa bei moja. Nauli ikizidi kwa 2,000 kila siku, kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Na muda wako wa kulala haujahesabiwa hapo. Fanya safari hiyo mara moja kwa saa za kazi kabla hujaamua, uondoke pale kituoni saa kumi na mbili asubuhi pamoja na wenyeji. Dalali atakupeleka saa nne, barabara nyeupe, ukadhani ni karibu.

Na dada zangu mnaotafuta kuishi peke yenu, rudini kwenye mtaa huo saa mbili usiku. Tazameni taa za njiani, geti linafungwa saa ngapi, nani ana ufunguo wake, choo cha nje kiko umbali gani na mlango. Kuna wenye nyumba wanaohoji mwanamke maswali ambayo hawamhoji mwanamume: una mchumba, nani atakuwa anakuja. Akianza hivyo kabla hujaingia, akishapokea hela atakuwa anasimama dirishani. Huyo mwacheni hata kama chumba ni kizuri.

Tumefika kwenye mkataba. Ile karatasi ya dukani yenye nafasi za kujaza, wengi tunasaini bila kusoma, na mara nyingi imeandikwa kumlinda mwenye nyumba tu. Si lazima uikatae. Pindua nyuma, andikeni kwa mkono yale mliyokubaliana, msaini wote wawili na mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Kwangu mimi yasiyoweza kukosekana ni haya. Kodi haitapanda ndani ya kipindi kilicholipwa. Anayetaka kuvunja mkataba, awe mpangaji au mwenye nyumba, atatoa taarifa ya muda fulani kwa maandishi. Nyumba ikiuzwa, ikibomolewa au ikishindwa kukalika, kodi ya miezi ambayo haijakaliwa itarudishwa, na iandikwe ndani ya siku ngapi. Matengenezo makubwa, yaani paa, mabomba, nyaya za ukutani, ni ya mwenye nyumba, na mpangaji akilazimika kutengeneza ataleta risiti ikatwe kwenye kodi. Kipengele cha kurudisha hela ndicho kitakachobishaniwa, na ndicho kinachoonesha kama uliyenaye anaelewa kwamba ana deni kwako.

Siku ya kuhamia piga picha kila ukuta, kila kioo kilichopasuka, sinki, kitasa, na mita ya LUKU ikionesha uniti zilizobaki. Mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo kwa WhatsApp. Ukihama baada ya miaka miwili, hakuna atakayekulipisha kioo ulichokikuta.

Sasa, vipi kama hataki kuandika, na wewe chumba unakihitaji? Jaribu kupunguza mkopo wenyewe. Mwambie, "Mama, naomba nianze na miezi mitatu, nitakulipa 160,000 badala ya 150,000." Utakuwa umezidisha 30,000 kwa miezi mitatu. Lakini nyumba ikikushinda mwezi wa pili, hela yako iliyobaki kwake ni ya mwezi mmoja, si ya miezi minne. Mwezi wa Januari, ada za shule zikiwa zimembana, atataka hela nyingi kwa mkupuo, na hapo utaweza kumshusha bei lakini si miezi. Miezi mingine ana subira zaidi. Na kama hataki kuandika wala kupunguza miezi, wala kukuonesha kitambulisho chake, mshukuru, muage, endelea kutafuta.

Wenye nyumba nao wananisikiliza, najua. Nyumba ni jasho lenu, na wapo wapangaji wanaohama usiku wakiacha bili na milango iliyong'olewa. Hofu yenu ina msingi. Lakini mshahara wa mpangaji wenu unaingia mwezi kwa mwezi, na huyo kijana mnayemdai 900,000 kwa mpigo anaanza maisha kwenu akiwa tayari na deni kwa mwajiri wake. Dai kitambulisho, dai mdhamini, dai barua ya serikali ya mtaa anakotoka, chukua na amana ya mwezi mmoja. Miezi mitatu inatosha. Mtaani kwetu wapo wanaoipokea, na vyumba vyao havikai vitupu.